Kasoro ya Kushoto

Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.
15 Januari 2025

Anselmo,

Spika zangu mbili zimetoweka nyumbani kwangu Jumapili tarehe 12 Januari, kati ya saa mbili na nusu asubuhi nilipotoka kwenda misa na saa sita na dakika kumi nilipofungua mlango. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu, ili usije ukasema hukuelewa barua inahusu nini.

Sasa salamu. Mie mzima. Mashine za kusaga zote mbili zinafanya kazi, ila mkanda wa ile ya Tandika umeanza kuchakaa. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie dawa ya mgongo nitaituma mwisho wa mwezi. Bi Zubeda jirani anakusalimu, na ndiye aliyekuona. Anasema ulizibeba moja moja kama mtu anayehamisha watoto waliolala, ukazifunga kwa shuka langu la maua, ukaita bajaji. Akakuuliza, "Anselmo, unahama?" Ukamjibu, "Dada mwenyewe anajua." Ninajua nini?

Wewe ulikuja Krismasi ukakuta mtambo umekamilika, ukadhani ulishuka na mvua. Miaka mitatu, Anselmo! Mwaka 2022 nilikuwa na sabufa kama kila mtu mtaani, lile dude linalotikisa vikombe kabatini na kumfanya mwimbaji asikike kama katumbukia kwenye pipa. Siku moja nikakaa kwa Albano, fundi wa redio pale Kariakoo, nikisubiri anitengenezee swichi ya mota. Akaweka dansi la zamani kwenye mtambo wake wa vipande: amplifaya peke yake, deki ya CD peke yake, spika mbili zimeachana hatua tatu. Nikasikia gitaa la solo limesimama kushoto, la rithimu kulia, na mwimbaji katikati, mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote. Mtu mzima mie nikainuka kuchungulia nyuma ya pazia. Albano akacheka mpaka akaweka chini bisibisi.

Kuanzia siku ile nikajenga wa kwangu. Kwanza amplifaya ya mtumba kutoka kwa Albano, wati arobaini kila upande. Miezi mitano baadaye deki. Mwaka uliofuata spika, inchi sita na nusu. Nikajifunza kuwa wati nyingi si utamu, na kwamba spika ukiibandika ukutani inavimba sauti kama mtu mwenye jino bovu. Nikapima kwa futi: spika na spika mita mbili na sentimita kumi, kila spika mpaka kiti changu vivyo hivyo. Hakuna aliyenifundisha hesabu hiyo, na hakuna aliyenichangia hata waya.

Na kasoro unaijua, nilikueleza mwenyewe. Katikati ya mwaka jana gitaa la solo likaanza kufifia. Kushoto kumelegea. Nikahamisha spika ya kulia nikaiweka kushoto: kasoro ikabaki kushoto. Nikabadilisha waya: kushoto. Nikamrudishia Albano amplifaya, nikamwambia mbele ya wateja wake kuwa ameniuzia mzoga, nikanunua nyingine kwa mtu mwingine: kushoto. Nikaona basi sauti inatorokea dirishani, nikaziba dirisha kwa godoro nikalala sakafuni wiki mbili. Kushoto!

Ndiyo maana nikaamua kuuza mashine ya Tandika ninunue spika kubwa. Wewe ukasema, "Usiuze dada, ngoja kwanza nisikilize." Jumamosi jioni nikakukalisha kwenye kiti changu. Ukasikiliza wimbo mzima umefumba macho. Nikauliza, "Umeona kushoto kulivyolegea?" Ukasema, "Kesho nitaliangalia." Kesho yake ukaondoka nazo.

Simu yako haipatikani. Barua hii nampa Marijani, konda wa basi la Masasi, akukabidhi mkononi. Nataka kujua spika ziko wapi, na ulisikia nini pale kwenye kiti.

Dada yako,
Noela


Lulindi, Masasi.
9 Februari 2025

Kwako dada Noela,

Shikamoo dada. Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama mgongo umepungua, juzi alikwenda mwenyewe kisimani na kurudi, ingawa ndoo alibeba mtu mwingine. Mvua imekuja vizuri. Korosho mwaka huu hatukupata kama mwaka jana, wadudu walishambulia maua. Mbuzi wa mama, yule mwenye pembe moja, amezaa mapacha, na wote wawili wana pembe mbili mbili, watu wanakuja kuwatazama kama sinema.

Kazi yangu ya kuchonga si mbaya. Mpingo umekuwa wa shida, gogo la maana unalifuata siku nzima kwa miguu. Nimepata oda ya mimbari ya kanisa, hiyo ni ya mninga.

Simu yangu iliingia maji. Samahani kwa kuchelewa kujibu.

Kuhusu spika, ziko salama. Ziko chumbani kwa mama juu ya kabati, nimezifunika kanga mbili. Hakuna anayezigusa. Nilifikiri maboksi yake ni ya mbao za kubandika, ningeweza kuyatengeneza upya kwa mninga, yakapendeza.

Nakuomba sana mashine ya Tandika usiuze. Nakuomba kama mdogo wako uliyemnunulia tezo ya kwanza ya kuchongea. Spika kubwa hazitasaidia.

Dada, nilitaka kukuuliza jambo. Zamani simu ulikuwa unashika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia unakuwa na unga. Krismasi nimeona unahamisha mpaka kulia, unga na yote, hadi simu inageuka nyeupe. Ni kwa nini?

Marijani atakuja kwako siku yoyote ile. Ana neno langu. Tafadhali msikilize mpaka mwisho.

Mama anasema ule vizuri.

Mdogo wako,
Anselmo


Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.
27 Februari 2025

Anselmo,

Mzima. Natumaini nanyi ni wazima. Hongera za mbuzi. Dawa ya mama imo kwenye mfuko huu, vidonge thelathini, kimoja usiku.

Umepata wapi ujasiri wa kumtuma mtu anitukane mbele ya wateja wangu?

Nakueleza ilivyokuwa, maana sidhani kama Marijani atakuhadithia yote. Jumamosi saa nne asubuhi, mashine inanguruma, akina mama kumi na mmoja kwenye foleni na ndoo zao za mahindi. Anaingia bila hodi, kajifunga shati kichwani kama mfiwa.

"We Mmakonde! Nimekuja kuchukua maiti."

Nikasema, "Myao wewe, maiti ya nani?"

"Ya sikio lako la kushoto. Limekufa zamani na hamjazika. Mdogo wako anaona haya, ndiyo nimekuja mie na sanda!" Na kweli katoa leso mfukoni, anataka kunifunga sikio.

Akina mama wakacheka mpaka mmoja akamwaga mahindi. Nikamvurumishia kopo la pumba, likampata kifuani. Akakimbilia barabarani, anapiga kelele, "Nimefikisha! Nyie kina mama ni mashahidi, mie nimefikisha!" Kafikisha nini? Ujinga?

Utani naujua, Anselmo. Baba alipokufa Wayao walilala kwenye kaburi lake wakadai walipwe kwanza, na mie nilicheka huku nalia. Lakini utani una mahali pake. Mimi nauliza swali la maana kuhusu mtambo wangu, wewe unanijibu kwa kichekesho cha konda.

Na simu ninashika kwa mkono ninaotaka. Vocha nanunua mwenyewe.

Jingine. Kwa vile spika umezificha kwa mama, nimenunua hedifoni nisikilizie wakati nasubiri akili zikurudie. Hedifoni ya kwanza: upande wa kushoto umelala. Nikairudisha, kijana akanibadilishia. Ya pili: kushoto. Nikaenda duka jingine kabisa, mtaa mwingine, nikachukua ya bei zaidi, bado ina nailoni: kushoto. Hedifoni tatu, maduka mawili, zote zimekufa upande uleule. Nikamwambia yule muuzaji kuwa Kariakoo nzima mmekula njama. Akavaa yeye, akatikisa kichwa kwa kufuata ngoma, akasema, "Mama, mbona inapiga pande zote?" Nikamwambia ana masikio ya kuuzia.

Nijibu. Na safari hii usimtume mtu.

Noela


Lulindi, Masasi.
23 Machi 2025

Kwako dada,

Shikamoo. Tumepokea dawa, mama amefurahi. Sote tu wazima. Mtoto mmoja wa mbuzi amekufa, nadhani ni baridi ya mvua.

Barua yako nimeisoma mara nne. Marijani amenionyesha alama kifuani. Hajakasirika. Anasema kopo lilikuwa tupu kuliko alivyotegemea.

Dada, mimi sikumtuma akutukane. Wewe umekaa mjini miaka mingi, lakini mila hujasahau. Kuna neno ambalo mdogo hawezi kumtamkia mkubwa wake, basi anapewa mtani, kwa sababu mtani hakosi adabu hata akisema nini. Hata msibani ni yeye anayesema tusiloweza. Nilidhani utacheka, kisha ukishafunga mashine utakaa ufikirie. Sikufikiria kopo la pumba.

Nilishawahi kusema mwenyewe, mara moja. Unakumbuka baba alipoanza kukosea nyuso za sanamu, pua inakwenda mpaka shavuni. Ni mimi nilimwambia, baba macho yamechoka, pumzika. Alifunga tezo zake zote kwenye gunia. Hakunisemesha tena mpaka tulipomzika. Miezi saba, dada, tunakula sahani moja. Wewe ulikuwa Dar, hukuiona.

Sisi wachongaji gogo kabla ya kulikata tunaligonga. Likiwa na ufa ndani, mlio unajibu mfupi. Ile Jumapili ulipotoka, nilizigonga spika zako kila upande kama magogo, nikaziwasha tena, nikakaa kushoto, nikakaa kulia. Nilikuwa natafuta ufa kwa bidii kuliko nilivyowahi kutafuta. Nikaona nikiziacha, utauza mashine. Nikazichukua. Nilikosa, najua.

Nakuomba kitu kimoja. Chukua hiyo hedifoni ya mwisho. Ivae kinyume, ile yenye alama ya kushoto uiweke kulia. Weka wimbo uleule. Usiniandikie siku hiyohiyo.

Mama anauliza Pasaka utakuja?

Anselmo


Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.
9 Aprili 2025

Anselmo,

Natumaini mama yuko salama. Pole na mbuzi. Pasaka sitakuja, na utaona kwa nini.

Nimegeuza.

Sikukuandikia siku hiyohiyo, wala siku ya pili. Zimepita siku kumi. Nilifunga mashine saa kumi na moja jioni, nikakung'uta unga kwenye nguo, nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kiti changu kinachotazama meza isiyo na spika. Nikavaa kinyume. Gitaa la solo likaja. Lote. Na kile kikucha kinachokwaruza uzi kabla ya sauti, ambacho sikuwa nimekisikia karibu mwaka mzima. Lilikuwa kwenye sikio la kulia, limekaa karibu kabisa kama mtu anayeninong'oneza. Na rithimu, iliyokuwa haijawahi kunisumbua, ndiyo ikafa. Nikavaa sawasawa, nikageuza tena. Nilifanya mara sita. Mie ni mtu wa hesabu: nimebadilisha spika, waya, amplifaya, dirisha na hedifoni, kitu kimoja tu sikuwahi kukibadilisha.

Basi nikapiga hesabu nyingine. Mota ya Tandika iko kushoto kwangu, kwa sababu mlango uko kulia na wateja wako mlangoni. Miaka kumi na saba. Siku mia tatu kwa mwaka, saa tisa kwa siku. Saa elfu arobaini na tano na mia tisa za ngurumo kwenye sikio moja, na mie nilikuwa nashukuru Mungu kwamba mashine haizimi. Kwa saa hizo nimejenga nyumba, nimekusomesha ufundi, nimezika baba kwa jeneza la mninga.

Kesho yake nilikwenda Kariakoo. Nilimtukana Albano mbele ya watu, basi nikangoja mpaka watu wakajaa.

"Albano, amplifaya yako ilikuwa nzima."

"Najua, mama."

"Unajua? Mbona hukunibishia?"

"Ningekubishiaje? Wewe ukija hapa mie huwa nahamia huku kulia kwako ndo unanisikia. Nilidhani unajua mwenyewe."

Albano! Mtu ninayemuona mara moja kwa mwezi! Nikarudi nikamuuliza Bi Zubeda. Akashika kanga yake, akaangalia chini, akasema, "Sie tulizoea tu kukuita kwa sauti, jirani." Sie! Kumbe mtaa mzima una kikao ambacho mie sikualikwa. Watoto wa hapa nje wanajua. Marijani anajua. Mama, naona kwa barua zako, anajua. Kila mtu amenihamia kulia kimyakimya, kwa heshima, huku mie nazunguka mjini natukana mafundi, nalala sakafuni, nataka kuuza nusu ya maisha yangu ninunue spika za kulipigia kelele sikio lililokufa.

Na wewe mila. Nakuelewa kuhusu baba, na hilo la miezi saba hukuwahi kuniambia, nimeumia kulisoma. Lakini mie si baba. Baba aliambiwa akanuna. Mie hukunipa hata nafasi ya kununa. Ulinipimia hasira yangu kabla sijaionyesha, ukaona ni afadhali uwe mwizi wa spika kuliko kuwa ndugu mwenye habari mbaya. Heshima gani hiyo inayomfanya mtu mzima achekwe na foleni ya mahindi? Mtani anafaa kwenye matanga. Mie nilikuwa hai, nimekaa hatua mbili kutoka kwako, nakuuliza kwa mdomo wangu.

Marijani nimempa unga kilo tano. Radhi sijamwomba, ataringa.

Sasa sikiliza, hii ndiyo ishu yenyewe. Jana nimepimwa hospitali. Daktari ni binti mdogo, anaongea akinitazama usoni, nilimpenda kwa hilo. Amenifungia kwenye kichumba, akanivalisha hedifoni, akasema nibonyeze kila nikisikia mlio. Kulia nilibonyeza mpaka kidole kikachoka. Kushoto nilikaa, nikakaa, nikadhani kifaa kimeharibika. Nilitaka kumwambia. Nikakumbuka zile hedifoni tatu.

Akaniuliza, "Lilianza lini?" Nikasema katikati ya mwaka jana. Akaandika, kisha akaweka kalamu. Akasema mwenye sikio huwa wa mwisho kujua, wa nyumbani ndio huona kwanza, niwaulize. Anasema kama limepotea polepole kwa miaka, hiyo ni mashine, na la kulia linaweza kufuata njia hiyohiyo nisipolikinga. Kama lilikatika ghafla kwa miezi michache, huo ni ugonjwa mwingine, na kuna kipimo cha kichwa ambacho hakitakiwi kungoja. Kila jibu lina njia yake. Amenipa Jumanne tarehe 15, saa mbili asubuhi, nirudi na tarehe.

Mie tarehe sina. Unayo wewe. Uliniandikia kuwa Krismasi uliona simu imehama mkono, kwa hiyo ulikuwa unatazama. Hukuanza kutazama Krismasi hiyo. Ulikuja pia mwaka juzi kwenye kipaimara kanisani kwetu, na mwaka mmoja kabla ya hapo ulipoleta sanduku la mama. Mtu anayegonga gogo akajua ufa hawezi kuniambia hakumbuki.

Nimebaki na sikio moja, Anselmo. Hilo ndilo nitakalosikia nalo wateja, mota ikiwaka vibaya, gari nyuma yangu, na huo muziki wangu. Sitalipoteza kwa sababu ya adabu zako.

Spika zirudi kwenye basi hilohilo, zimefungwa vizuri, shuka langu la maua pia. Mashine siuzi.

Sitaki salamu. Sitaki habari za korosho wala mvua. Sitaki mtani, sitaki mama akuandikie. Nataka karatasi moja kwa mkono wako, umwachie Marijani, ifike Jumapili ya Matawi tarehe 13. Basi linapita Rangi Tatu saa kumi jioni. Nitakuwa nimesimama hapo kuanzia saa tisa na nusu.

Niandikie mwezi na mwaka: ni lini mara ya kwanza uliponiita nikiwa nimekupa ubavu wa kushoto, nisigeuke?

Noela